Stara ya Baraza na Ua: Historia Fupi ya Maneno na Majengo

Utangulizi

Miongoni mwa maneno yanayowataabisha watafsiri, yamo yale ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayana taabu yoyote. Neno faragha ni mojawapo. Mtafsiri akiletewa sheria inayohusu barua na simu za raia, huandika faragha. Akiletewa mwongozo wa hospitali unaotaja pazia la kuzungushia kitanda cha mgonjwa, huandika faragha. Akiletewa maelezo ya fundi juu ya namna ya kukinga mahali pa kupumzikia nyuma ya nyumba ili jirani asimwone mwenye nyumba akinywa chai yake, huandika faragha vilevile. Kamusi ya lugha mbili imempa neno moja, naye amelitumia kwa uaminifu. Lakini msomaji wa maelezo ya fundi, hasa akiwa mtu wa mwambao, huhisi kwamba neno hilo limepita kando ya jambo lenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba hisia ya msomaji huyo ina msingi. Wasemaji wa Kiswahili walijaliwa maneno mbalimbali ya jambo hili kwa kuwa walijenga kwa namna mbalimbali. Na kila jengo, likitazamwa vizuri, hueleza tofauti ambayo kamusi zetu za lugha mbili zimeifuta. Tumechagua mfano mmoja mdogo, nao ni mahali pa kukaa nje ya nyumba na jinsi palivyokingwa na macho ya watu. Mahali hapo hufaa kwa uchunguzi wetu kwa sababu aketiye hapo hutaka mambo mawili yanayopingana: apate hewa na mwanga kama aliye nje, na awe salama na macho ya watu kama aliye ndani.

Maneno matatu na mizizi yake

Yafaa kwanza tuyatenge maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani faragha, stara na siri. Yote matatu yametoka katika Kiarabu, na yote matatu yamekwisha kuwa Kiswahili halisi. Lakini kila moja limekuja na picha yake.

Mzizi wa faragha una maana ya utupu, yaani kuwa wazi au kutokuwa na shughuli. Ndiyo sababu wazee waliposema "sina faragha leo" walimaanisha kwamba hawana nafasi, wala hawakuwa wakilalamika kwamba wanachunguliwa. Mahali pa faragha ni mahali patupu, pasipo watu. Na kuzungumza na mtu faraghani ni kumtenga na wengine. Kwa hiyo faragha hupatikana watu wanapoondoka, au mtu mwenyewe anapowaondokea.

Mzizi wa stara, au sitara, una maana ya kufunika. Kutokana nao tuna kusitiri, kujisitiri na kusitirika. Hapa watu hawakuondoka. Wapo, tena wapo karibu, lakini baina yao na mtu kimewekwa kitu. Nguo ni stara, pazia ni stara, na ua ni stara. Hata mtu aliyemlipia mwenziwe deni lililokuwa karibu kumwaibisha husemwa kwamba amemsitiri.

Siri nayo ni ya habari. Hailindwi kwa ukuta wala kwa pazia, bali kwa ulimi. "Siri ya mtungi muulize kata," wanasema wahenga, na mtungi wenyewe umewekwa peupe kabisa.

Tukiyashika haya matatu, twaweza sasa kuingia katika nyumba na kuona kila moja lilikaa wapi.

Baraza, mahali pa kuonekana

Nyumba ya mwambao huanza nje, barazani. Neno hili nalo lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kutokea na kuonekana wazi. Kiswahili kimeuhifadhi mzizi huo katika kitenzi kubarizi, yaani kukaa barazani na kupokea watu. Baraza za mawe zilizojengwa kuambaa kuta za nyumba, kama tunavyoziona hata leo Unguja na Lamu, si viti vya mwenye nyumba peke yake. Mpita njia hukaa, mchuuzi hutua mzigo wake, wazee hucheza bao, na mvua kubwa inapoifanya njia kuwa mto, watu hupita juu yake.

Kwa kuwa mwenye cheo alipokea watu na kusikiliza mashauri yao barazani, neno likahama kutoka kwenye kiti hadi kwenye mkutano, na kutoka kwenye mkutano hadi kwenye chombo cha dola. Ndipo leo tukawa na Baraza la Mawaziri, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Walimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi kwamba watu wengi husema baraza ya nyumba lakini baraza la wawakilishi: maana ilipohama, upatanisho wa kisarufi nao ulianza kuhama.

Jambo la kuzingatia ni hili. Baraza haikuwa na stara kwa sababu haikutakiwa iwe nayo. Mtu aliyekwenda kukaa barazani alikwenda kuona na kuonekana. Aliyetaka kukaa nje bila kuonekana ilimpasa apate mahali pengine, na historia ya majengo ya mwambao kwa sehemu kubwa ni historia ya mahali hapo pengine.

Nyumba ya mawe ya Lamu

Mpango huu ni wa kale. Huko Gedi, karibu na Malindi, mji uliostawi hasa kati ya karne ya 14 na ya 16, na ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, nyumba nyingi zina kiwanja kirefu chembamba mbele ya chumba cha kwanza, kilichoshushwa chini kidogo ya usawa wa sakafu. Aliyeingia kutoka nje alikutana kwanza na kiwanja hicho kilichozungukwa na kuta. Mahali pa wazi pa nyumba palikuwa ndani ya nyumba.

Nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa katika karne ya 18 zimeuendeleza mpango huo na kuupa msamiati kamili. Mtaalamu wa majengo Usam Ghaidan, aliyechapisha utafiti wake juu ya mji huo mwaka 1975, ameyaorodhesha majina ya sehemu zake, nasi tunayarudia hapa kwa manufaa ya watafsiri. Nje, mlangoni, pana daka, yaani ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba alipobarizi. Baada ya mlango pana tekani, na baada ya tekani mwingiaji hupinda kona kabla ya kufika kiwanda, yaani kiwanja cha ndani kisicho na paa. Kutoka kiwanda hupandwa msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na mwisho nyumba kati. Kila hatua humtenga mtu zaidi na njia, na kila sakafu imeinuka kidogo kuliko iliyotangulia.

Ile kona ya tekani yastahili kuangaliwa kwa makini. Mlango wa daka unaweza kubaki wazi mchana kutwa, hewa ikapita, sauti zikapita, mtoto akatoka na kuingia, na bado jicho la mpita njia likaishia ukutani. Hapakuhitajika pazia. Mafundi walijua kwamba jicho huenda kwa mstari ulionyooka, na kwamba miguu na hewa zaweza kupinda.

Misana nayo ni mahali ambapo lugha nyingine za leo zingetafuta jina la kukaa "nje ya nyumba". Upande mmoja wa msana hauna ukuta. Umefunguka kwenye kiwanda. Waliokaa hapo walipata mwanga na upepo, walisuka, waliparaza nafaka, walizungumza. Nao walikuwa nje kwa kila jambo isipokuwa kuonekana. Hiyo ndiyo stara kwa maana yake kamili. Hapakuwa na faragha, kwa kuwa nyumba ilijaa watu.

Mgeni wa kiume alipewa sabule, chumba kilichowekwa mahali ambapo angeweza kufika bila kupita katikati ya jamaa. Na baina ya nyumba za ndugu zilizotenganishwa na kichochoro kulijengwa wikio, chumba kilichovuka juu ya njia kama daraja, ili wanawake wapite kutoka nyumba hii hadi ile bila kushuka barabarani. Walipolazimika kushuka, wanawake wa kiungwana wa Lamu walitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoshikiliwa kwa vijiti na kuwazunguka. Mtindo huo ulitoweka buibui lilipoenea.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo sifa za majengo hayo mara nyingi hulinyamazia. Vijiti vya shiraa vilishikwa na watumwa, ambao wenyewe walitembea wakionekana. Wajenzi na wachotaji maji wa nyumba hizo hawakuwa na wikio wala msana wao. Stara ilikuwa hifadhi, na papo hapo ilikuwa alama ya cheo. Neno lenyewe bado lina kivuli hicho. Tunaposema mtu "anaishi kwa stara" twamaanisha pia kwamba anajimudu. Mtumishi wa serikali anayelitumia leo kwa raia wote analipanua neno hilo, na upanuzi huo ni wa haki.

Yafaa pia tuonye juu ya neno kiwanda. Katika Kiamu ni kiwanja cha ndani; lina ulinganifu na kiwanja cha Kiunguja kama vile ndia inavyolingana na njia, na ndaa na njaa. Katika Kiswahili Sanifu kiwanda ni mahali pa kutengenezea bidhaa. Mtafsiri atakayeandika kwamba familia ya Lamu ilipumzika kiwandani atakuwa amesema kweli, na hataeleweka.

Unguja: roshani, dari na pwani

Mji Mkongwe wa Unguja ulikua hasa katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake huko. Humo twakutana na roshani. Neno hili lina asili ya Kiajemi inayohusu mwanga. Katika miji ya Hijazi, kama Jeddah na Makka, rawshan ni dirisha la mbao lililotokeza nje ya ukuta, lililozibwa kwa vijiti vilivyopishana. Aliye ndani huliweka jicho karibu na tundu, akaiona njia nzima. Aliye njiani, kwa kuwa yuko juani na tundu ni dogo na nyuma yake ni giza, haoni kitu. Hivyo neno la mwanga likawa jina la kifaa cha kusitiri, na hapana kinzani, kwa kuwa kazi yake ni kuingiza mwanga na kuzuia macho. Kiswahili kimelichukua jina na kulegeza maana: roshani yetu ni sehemu yoyote ya ghorofa iliyotokeza nje, iwe na vijiti vya kusitiri au isiwe navyo.

Mfano mwingine wa Unguja unafundisha kwa njia ya kinyume. Salme binti Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Ndani yake ameieleza nyumba ya Mtoni, kaskazini mwa mji, ambayo upande wa bahari ilikuwa na jukwaa kubwa la mviringo, la mbao, lenye paa, alilolitaja kwa jina la bendjle. Baba yake alipenda kutembea hapo akienda na kurudi, na jamaa walinywa kahawa hapo. Jukwaa hilo lilielekea baharini, na lilikuwa mbali na mji. Hapo palikuwa na faragha, kwa maana ya asili ya neno: nafasi tupu. Palipo na faragha ya namna hiyo haja ya stara hupungua. Na mji unapobanana, faragha huondoka na stara huitwa kuja kushika mahali pake.

Ua wa nyumba ya Kiswahili

Wengi wetu hatukuzaliwa katika nyumba za mawe. Nyumba iliyowalea wakazi wengi wa Dar es Salaam, Tanga, Bagamoyo na miji ya bara iliyofuata mtindo wa pwani ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba pande mbili, mara nyingi vitatu kila upande, na nyuma yake ua wenye jiko na choo. Mpango ni ule ule wa Lamu ulionyooshwa na kupunguzwa gharama. Baraza ni ya kuonekana. Ua ni wa kusitirika. Ukumbi ndio tekani yake.

Neno ua lina maana mbili zilizoshikana: kile kizuizi chenyewe, na mahali palipozungushiwa. Wingi wake ni nyua, na mwalimu atalitenga na ua la mti, ambalo wingi wake ni maua. Kutoka humo tumepata uani, neno ambalo limebeba adabu nyingi. "Kwenda uani" ni kwenda haja, na wageni wa kike hupelekwa uani kwa mazungumzo. Jina la mahali limekuwa jina la hali.

Ua wa kale ulijengwa kwa makuti, na wenye kazi hiyo hawakuyaita makuti yote kwa jina moja. Makuti ya viungo ni yale ya kuezekea, ambayo vijani hushonwa kwenye ufito. Makuti ya kumba ni yale yaliyosukwa kwa ajili ya nyua. Kumba haizuii upepo wote, huupunguza. Ukuta mtupu wa saruji huzuia upepo, ukaligeuza jiko la uani kuwa tanuri. Bara, penye minazi michache, ua ulipandwa: minyaa, michongoma na mimea mingineyo. Tuna pia ugo, wigo, uzio na kitalu, kila kimoja na matumizi yake. Ni vema kukumbuka kwamba wigo siku hizi limevutwa mno kwenye maana ya upeo wa jambo, hata wanafunzi wengi hawajui kwamba lilikuwa la miti na fito.

Lakini ua wa makuti ni dhaifu. Mkono wa mtoto waweza kuupenya. Nguvu yake ilikuwa katika neno hodi. Anayefika penye ua hukaa nje akabisha hodi, na asipojibiwa mara ya tatu hurudi alikotoka. Kwa hiyo stara ya Waswahili haikujengwa na fundi peke yake. Fundi alijenga nusu, na nusu ya pili ilijengwa na malezi ya mpita njia. Wahenga waliposema "nyumba njema si mlango" walitukumbusha kwamba wema wa nyumba hauonekani kwa aliye nje. Tungeongeza tu kwamba aliye nje naye ana wajibu wa kutouchungulia.

Mfano kutoka Marekani

Watafsiri wa leo huletewa maandishi ya ufundi kutoka Marekani yanayohusu sakafu ya mbao iliyojengwa nyuma ya nyumba, wazi juu, kwa ajili ya kupumzikia. Ili kulitafsiri jambo hilo vizuri, ni lazima kujua kwamba nalo lina historia.

Katika karne ya 19 nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na ukumbi wa mbele ulioelekea barabarani. Andrew Jackson Downing, aliyefariki mwaka 1852, aliusifu sana katika vitabu vyake vya majengo. Ulikuwa baraza yao: watu walikaa jioni wakisalimiana na wapita njia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika vitongoji vipya vilivyojengwa kwa wingi, kama Levittown iliyoanza mwaka 1947, nyumba ziliacha kuelekeza maisha mbele. Barabara ilikuwa ya magari, kipoza hewa na televisheni viliwavuta watu ndani, na mapumziko ya nje yakahamia nyuma. Huko California mbunifu wa bustani Thomas Church alijenga mwaka 1948, katika bustani ya Donnell huko Sonoma, sakafu ya mbao iliyoizunguka mialoni bila kuikata. Na mtindo huo ulienea.

Basi Wamarekani walihama kutoka baraza kwenda ua, ambapo watu wa mwambao walikuwa navyo vyote viwili kwa pamoja. Hawakuwa na mapokeo ya ua wa nyuma uliositiriwa, na ndiyo maana suala la kujikinga na jirani limekuwa kwao fundisho la ufundi, lenye vipimo na michoro.

Na vipimo vina maana. Ua wa mita 1.8 unamtosha mtu aliyekaa mkekani. Sakafu ikiinuliwa mita 1 kutoka ardhini, kichwa cha aliyekaa kitini juu yake hupita mita 2, naye ataonekana juu ya ua ule ule. Kuupandisha ua mpakani ni gharama, na humnyima jirani mwanga. Dawa yake ni kukileta kizuizi karibu na mkaaji: kiunzi cha fito zilizopishana kando ya kiti, turubai lililowambwa baina ya nguzo mbili, au mmea utambaao juu ya chanja. Kizuizi kidogo kilicho karibu husitiri zaidi ya kikubwa kilicho mbali. Kanuni hiyo hiyo iliwaongoza mafundi wa rawshan na wabebaji wa shiraa.

Jicho linapopanda juu

Mtu aweza kuuliza, haya ya Sonoma na ya Lamu yatufaa nini? Jibu liko Kariakoo. Kwa miaka mingi mtaa huo ulikuwa wa nyumba za Kiswahili, kila moja na ua wake. Tangu mwisho wa karne ya 20 maghorofa yamejengwa baina ya nyumba hizo na mahali pake. Ua uliokuwa stara kamili kwa macho ya mpita njia hauna kinga juu. Mama anayepika uani, na msichana anayetoka bafuni, huonekana kutoka madirisha ambayo hayakuwapo nyumba yao ilipojengwa. Hodi haimhusu aliye ghorofa ya tano. Hakubisha, na hakuingia.

Mlalamikaji wa namna hiyo akienda ofisini, malalamiko yake yataandikwa kwa neno gani? Karani akiandika kwamba raia huyu anadai faragha, mkubwa wake atauliza, na ataona anauliza kwa haki, mtu awezaje kudai kuwa peke yake katikati ya mji, katika ua wa wapangaji sita. Mlalamikaji hakudai kuwa peke yake. Wapangaji sita anaishi nao na amewazoea. Alichopoteza ni stara. Akipewa neno lake, dawa yake nayo hutajika: dirisha la jirani liinuliwe kizingiti, roshani yake iwekewe vijiti, au sehemu ya ua ifunikwe. Neno likikosewa, shauri zima hugeuka kuwa la mtu mmoja mwenye madai yasiyowezekana.

Mapendekezo

Hatupendekezi kwamba faragha liondolewe mahali lilipokwisha kukaa. Sheria Na. 15 ya mwaka 1984, iliyoingiza haki za msingi katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, imelitumia katika kichwa cha ibara ya 16. Hata hivyo tunawaomba wasomaji waiangalie ibara yenyewe. Mwandishi wake hakutosheka na neno moja; ametaja nafsi, maisha binafsi, familia, unyumba, maskani na mawasiliano, kila kimoja peke yake. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, mambo ya habari nayo yana msamiati wake. Kwa hiyo faragha ni neno la mwavuli katika sheria, na ni vema libaki hivyo.

Katika maandishi ya ujenzi, ya nyumba, ya hospitali na ya shule, tunapendekeza yafuatayo yafikiriwe.

Kwanza, pale ambapo kusudi ni kuzuia macho, litumike neno stara: pazia la stara, ukuta wa stara, dirisha la stara. Pale ambapo kusudi ni kumtenga mtu na wengine, kama chumba cha mashauri cha daktari, libaki faragha. Pale ambapo kusudi ni kuzuia habari zisienee, litumike siri au usiri.

Pili, kizuizi chepesi kinachosimamishwa karibu na mkaaji kiitwe kiwambo cha stara. Kiwambo limetokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, na lina udugu na kiwambaza cha nyumba ya udongo. Maana ya kuzuia imekwisha kuingia ndani yake, kwani watu husema kiwambo cha sauti. Ua na uzio yabaki kwa kizuizi cha mpakani. Tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kifundi tuliyoieleza juu ya mahali pa kizuizi, wala haifai ipotee katika tafsiri.

Tatu, ile sakafu iliyoinuliwa nyuma ya nyumba iitwe baraza ya uani, na ikiwa ya mbao, baraza ya mbao ya uani. Tumeyapima majina mengine. Jukwaa ni la anayetaka kuonekana. Roshani ni ya ghorofani. Ulingo ni wa mlinzi wa shamba. Msana lingefaa kuliko yote kwa maana, lakini nje ya Lamu linajulikana kwa wachache, nasi tunaliweka mbele ya wasomaji kama hazina. Atakayesema kwamba baraza kwa mzizi wake ni mahali pa kuonekana, na kwamba baraza ya uani ni kinzani, tutamjibu kwamba neno uani ndilo linaloibadili, kama vile kona ya tekani ilivyobadili njia ya jicho bila kuufunga mlango.

Nne, walimu wa Kiswahili wawatume wanafunzi kukusanya majina ya sehemu za nyumba na ya aina za nyua katika maeneo yao, pamoja na majina ya vifaa na ya mafundi, kabla wazee wayajuao hawajaondoka. Majina ya Lamu tumeyapata kwa sababu yalikuwapo masikio yaliyoyasikiliza. Nyua za minyaa za Dodoma, na za fito za kando ya Ziwa, zina haki ya kusikilizwa vilevile, na katika majina yao huenda yamo yale ambayo kesho mtafsiri atayatafuta kwa lugha ya kigeni.